Kutenganisha Nikeli na Kobalti kwa Mafuta: Maswali Mnayoniuliza Kila Muhula

Mimi ni madam wa maabara moja ndogo huku Eneo la Viwanda, na kila Januari, Mei na Septemba tunapokea vijana wapya wa atachimenti. Wakishaona zile chupa mbili ziko dirishani, moja ya waridi na moja kijani, maswali yanaanza, na ni yaleyale ya waliotangulia. Nimechoka kurudia kitu kimoja kama kondakta wa gari ya Donholm, ndio nimeamua niyaandike. Sijayapanga vile vitabu hupanga, yako tu vile huja.

Madam, kwani hizi metali mbili zina shida gani mpaka ziwe ngumu kutenganisha?

Zinafanana kupita kiasi, hiyo ndio shida. Kwenye jedwali la elementi kobalti ni namba 27 na nikeli ni 28, yaani wanakaa mlango kwa mlango. Uzito wa atomu ni 58.93 kwa 58.69, na ukiangalia vizuri utaona huyu wa 27 ndiye mzito kushinda jirani anayemfuata, moja ya vituko vya hilo jedwali. Ukiziyeyusha kwa asidi zote zinatoka na chaji mbili chanya, ukubwa karibu sawa, kila moja imezungukwa na molekuli sita za maji. Sasa mtu anafikiria ataweka kostiki soda kidogo ashushe moja abaki na nyingine, anaweka, halafu zote zinashuka pamoja kama uji juu pH zao za kushuka zimekaribiana sana (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi). Unabaki na tope moja lenye metali mbili na hakuna mnunuzi wa maana atakupea bei ya kobalti kwa tope kama hiyo.

Hata majina yao ni ndugu. Wachimbaji wa Ujerumani zamani walikuwa wakipata mawe yanayofanana na ya fedha ama ya shaba, wakiyachoma hawapati chochote ila moshi wa arseniki wa kuua mtu, wakasema majini wa mgodini wamewachezea. Kobalti imetoka kwa Kobold, jini mwenyewe, na nikeli imetoka kwa Kupfernickel, yaani shaba ya shetani. Georg Brandt wa Uswidi ndiye alionyesha kobalti ni metali kivyake, hiyo ni miaka ya 1730, halafu Axel Cronstedt, Mswidi pia, akatoa nikeli mwaka wa 1751. Majini wawili wa mgodi mmoja, na wewe umeambiwa uwatenganishe kabla ya lanchi.

Na zile rangi?

Nikeli kwenye maji ni kijani, kama chupa ya Sprite. Kobalti kwenye maji ni waridi, kama Ribena ambayo mtoto ameongeza maji mingi ndio isiishe. Ukizichanganya unapata kijani iliyochafuka hivi, haipendezi. Lakini kobalti ikiingia kwenye mafuta yenye dawa ya kushika metali (naieleza hapo chini) inageuka bluu ya wino, bluu kabisa, na hiyo bluu ndio itakuwa rafiki yako kwa kazi hii yote kwa hivyo jifunze kuiangalia.

Sasa hiyo njia ya mafuta inafanyaje kazi?

Unachukua supu yako, yaani yale maji ya asidi yenye nikeli na kobalti. Unachukua mafuta, ya jamii ya mafuta ya taa lakini yaliyosafishwa, ndani yake umeyeyusha dawa ambayo inajua kushika metali. Unamimina zote kwenye faneli ya glasi ile ya umbo la peasi yenye koki chini, unafunga, unatikisa dakika chache, unaachia hewa, unaning'iniza kwenye stendi, unangoja. Maji yanaenda chini, mafuta yanapanda juu, na kama umefanya vizuri unaona kwa macho yako kijani safi iko chini na bluu iko juu, na katikati kuna mstari mmoja mwembamba umenyooka kama uzi. Mara ya kwanza nilipoiona nilisimama tu hapo, chai ikapoa. Halafu unafungua koki, unaacha kijani ishuke, unafunga kabla mstari haujafika kwenye koki. Kazi imeisha, au niseme imeanza.

Kiwandani hakuna faneli, kuna matangi: moja lina pangaboi la kuchanganya, linalofuata ni pana na limetulia ili mafuta na maji yaachane. Yanapangwa kwa msururu, maji yakitoka upande huu mafuta yakitoka upande ule, ili supu iliyokaribia kuisha kobalti ikutane na mafuta ambayo bado yana njaa.

Ni dawa gani hiyo, na kuna tofauti gani kati ya moja na nyingine?

Hapa nitakaa kidogo juu hapa ndipo pesa iko. Kuna familia moja ya asidi za fosforasi, ndugu watatu. Wa kwanza ni ya fosforiki, inaitwa D2EHPA, ya bei nafuu na ya zamani. Wa pili ni ya fosfoniki, utaiona ikiitwa PC-88A ama Ionquest 801. Wa tatu ni ya fosfiniki, Cyanex 272, ambayo kampuni ya American Cyanamid ilileta sokoni miaka ya 80. Zote tatu zinashika kobalti kabla ya nikeli. Ila kuna kushika na kushika.

Wataalamu wana namba ya utengano, yaani dawa inapenda kobalti mara ngapi kuliko inavyopenda nikeli. Kwenye ulinganisho unaotajwa sana, D2EHPA inapata kama 14, PC-88A kama 280, na Cyanex 272 kama 7,000. Vijana huandika hizo namba kwenye daftari wanafunga. Hapana, fanya hesabu. Tuseme supu yako ina gramu 10 za nikeli na gramu 2 za kobalti kwa lita, unatikisa lita moja ya supu na lita moja ya mafuta, na umeweka pH mahali ambapo kobalti 20 zinaingia kwenye mafuta kwa kila 1 inayobaki kwenye maji. Kobalti imeingia asilimia 95, poa. Nikeli je? Kwa D2EHPA asilimia 59 ya nikeli imeingia pia. Kwa PC-88A ni asilimia 6.7. Kwa Cyanex 272 ni kama asilimia 0.3. Maanake ni hivi: kwa dawa ya kwanza mafuta yako yamebeba gramu 1.9 za kobalti na karibu gramu 6 za nikeli, umetoka kuiba kuku umeiba na banda. Kwa dawa ya tatu umebeba gramu 1.9 za kobalti na gramu 0.03 tu za nikeli. (Hesabu yangu ni ya ubaoni, kwenye maisha namba hubadilika na joto na vile mafuta yamejaa, lakini picha ndio hiyo.)

Kwa hivyo ukiniuliza D2EHPA ni mbaya, nitasema la, ni nzuri sana kutoa zinki na manganizi kabla hujafika kwa kobalti. Usiipe tu kazi ambayo si yake.

Na kwa nini dawa ipende kobalti na si nikeli kama wamefanana hivyo?

Ni mambo ya kukaa. Nikeli ina msimamo, inataka majirani sita wamezunguka pande zote, bila sita haikai. Kobalti haina maneno, inakubali sita na inakubali wanne. Dawa kama Cyanex 272 ni nono, ina matawi mengi karibu na fosforasi, kwa hivyo wanne wakishakaa hakuna nafasi ya wa tano na wa sita. Kobalti inasema sawa, inaacha maji yake, inakaa na wanne, na hapo ndipo rangi inageuka kutoka waridi kuwa bluu. Nikeli inaangalia hiyo msongamano inaamua kubaki kwenye maji. Kadiri dawa inavyokuwa nono zaidi karibu na fosforasi ndivyo nikeli inavyokataa zaidi, ndio maana wale ndugu watatu wametofautiana.

Joto pia linasaidia, ukipasha mpaka kama digrii 50 kobalti inaacha maji yake kwa urahisi na utengano unaongezeka. Na kuna kitu kingine watu husahau: nikeli ni mzito wa kuhama. Inabadilisha maji yaliyoizunguka polepole kama mara mia moja kuliko kobalti.

Kila mtu anasema pH, pH, pH. Kwani iko na nini?

Iko na kila kitu. Ukiniambia nichague kati ya dawa ghali na mita ya pH inayofanya kazi, nitachukua mita halafu nitatafuta dawa baadaye.

Hii dawa ni asidi. Kila ioni moja ya kobalti ikiingia kwenye mafuta inasukuma haidrojeni mbili zirudi kwenye maji, na haidrojeni zikiongezeka pH inashuka, na pH ikishuka dawa inaacha kushika. Yaani kazi yenyewe inajizuia. Chukua ile supu yetu ya gramu 2 za kobalti kwa lita: kobalti yote ikiingia bila wewe kuongeza chochote, haidrojeni iliyotoka ingetosha kushusha pH mpaka kama 1.2, na hapo hakuna kobalti itakubali kukaa kwenye mafuta. Kwa hivyo haitafika hapo, itakwama njiani, utashangaa mbona chini bado ni ile kijani iliyochafuka. Ndio maana unaongeza kostiki soda kidogo kidogo ukitikisa. Kilo moja ya kobalti inakula kama kilo 1.36 za kostiki, weka hiyo kwenye bajeti mapema.

Kwa Cyanex 272 kwenye salfeti, yaani supu iliyotengenezwa kwa asidi ya salfuriki, mimi hukaa kati ya pH 5 na 5.5. Chini ya 4 kobalti inaanza kukataa. Ukipita 6 ukielekea 7 nikeli nayo inaanza kupanda. Hiyo nafasi katikati ndio biashara yako yote, na haijakuwa kubwa hivyo.

Sasa kisa. Mwaka wangu wa kwanza na hii kazi nilikuwa naongeza kostiki naangalia mita, mita inasema 5.1, naongeza, 5.1, naongeza, 5.1. Nikafurahi, nikasema leo supu imetulia. Kumbe ile elektrodi imepakwa mafuta, inasoma ndoto. Nilipokuja kuangalia faneli juu hakukuwa bluu tena, ni bluu ya kijani hivi, na katikati kumejaa kitu kama jeli ya samaki ambayo haiendi juu haiendi chini. Haidroksaidi ya nikeli ilikuwa imeshuka na kukwama hapo katikati. Siku nzima imeenda, na aliyekuwa mkubwa wangu wakati huo hakusema kitu, alinipea tu karatasi ya litmasi ya shilingi chache akaenda zake. Tangu hapo elektrodi yangu inaoshwa kwa sabuni na maji kila baada ya kusoma mara tano, na karatasi iko mfukoni.

Njia nyingine ni kuilisha dawa kostiki kabla, nusu ya asidi yake hivi, halafu ndio unaikutanisha na supu. Inatuliza pH sana. Lakini hapo dawa imekuwa kama sabuni, na sabuni ina mambo yake, ngoja swali linalofuata.

Faneli yangu imekuwa na tabaka tatu badala ya mbili, nimekosea wapi?

Hujakosea sana, dawa imekuwa chumvi ya sodiamu na haiyeyuki vizuri kwenye mafuta, imejitenga ikakaa kivyake katikati. Unaongeza kitu kinaitwa TBP (tributili fosfeti) kwenye mafuta, asilimia 5 hivi kwa dawa ya asilimia 10, inapotea.

Kama si tabaka ni povu zito la mafuta na maji ambalo halitaki kuachana, uliza maswali mawili. Umechuja supu? Vumbi laini la silika ama la tope ndilo huleta hiyo takataka ya katikati. Na ni mwezi gani? Sicheki. Asubuhi za Julai hapa Nairobi maabara iko baridi, mafuta yanakuwa mazito, kitu kilichokuwa kinatulia kwa dakika mbili kinachukua kumi. Weka supu na mafuta kwenye beseni ya maji moto kwanza, tofauti utaiona. Na usijaze dawa kobalti mpaka pomoni, ikikaribia kujaa mafuta yanakuwa mazito kama asali na hapo hata joto halikusaidii.

Bluu imepanda juu. Nimemaliza?

Bado hatua mbili, na wengi huharibu hapa kwa haraka.

Ya kwanza ni kusuuza. Kumbuka zile gramu 0.03 za nikeli. Ni kidogo lakini ukilinganisha na kobalti 1.9 ni kama asilimia 1.5, na watu wa betri hawataki kusikia hiyo. Unachukua maji yenye salfeti ya kobalti kidogo, asidi kidogo tu, unatikisa na yale mafuta ya bluu. Kobalti ya kwenye maji inaingia, nikeli iliyokuwa imejipenyeza inasukumwa nje, na pia yale matone madogo ya supu yaliyokwama ndani ya mafuta yanaoshwa. Hayo matone ni adui kushinda hata kemia, mtu analaumu dawa kumbe hakungoja mafuta yatulie.

Ya pili ni kuvua. Unaleta asidi ya salfuriki, pH inashuka, dawa inaachilia kobalti, na ghafla bluu inatoka juu na waridi inatokea chini. Na hapa unaweza kuwa mjanja: tumia lita moja ya asidi kwa lita kumi za mafuta, zile gramu 1.9 kwa lita zinakuwa 19. Baada ya hapo ama unapitisha umeme upate metali yenyewe, ama unaivukiza upate kristali za salfeti ya kobalti zenye molekuli saba za maji, nyekundu nzuri, ambazo kobalti ndani yake ni asilimia 21.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa dawa hawaliweki kwenye kipeperushi: umeweka kostiki kushikisha, umeweka asidi kuvua, hizo mbili zimekutana kuwa salfeti ya sodiamu. Piga hesabu, ni kama kilo 2.4 za chumvi kwa kila kilo ya kobalti, na inabaki kwenye maji ya nikeli. Kuna viwanda huilisha dawa nikeli badala ya sodiamu, halafu kobalti ikija inaifukuza nikeli inachukua nafasi, ndio wasichafue supu yao. Mimi huona hiyo ni akili sana.

Hii kitu inafanywa wapi kwa ukubwa, ama ni ya maabara tu?

Inafanywa. Karibu na sisi mfano mkubwa ni Ambatovy kule Madagaska: udongo mwekundu unachimbwa upande wa Moramanga, unasafirishwa kama uji kwenye bomba la kama kilomita 220 mpaka Toamasina pwani, unapikwa na asidi kwenye presha, halafu baadaye kobalti inatolewa kwa nikeli kwa njia hii ya mafuta. Australia Magharibi mwisho wa miaka ya 90 walifungua mitambo mitatu, Bulong, Cawse na Murrin Murrin, kila mmoja na njia yake. Bulong ndio walikuwa na roho ngumu, walichukua supu moja kwa moja, wakatoa kobalti kwa Cyanex 272 halafu nikeli kwa dawa nyingine inaitwa Versatic 10, na jasi, yaani salfeti ya kalisiamu, ikawasumbua sana kwenye matangi. Kalisiamu kwenye salfeti haina huruma.

Jirani Uganda, kule Kasese, walikuwa wakichukua mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, bakteria wanayala, kobalti inatoka kwenye maji halafu inasafishwa. Na Tanzania kuna mwamba wa nikeli wa Kabanga, wilaya ya Ngara, una kobalti pia. Sisi Kenya kwa hizi metali mbili tuko na betri za zamani tu.

Na Kongo? Si kobalti yote iko Kongo?

Zaidi ya nusu ya ile ya dunia hutoka huko, Kolwezi, Likasi, pande hizo. Lakini kule kobalti imelala na shaba, nikeli ni kidogo, kwa hivyo vita vyao ni tofauti: wanatoa shaba kwa dawa yake kwanza, halafu kobalti wanaishusha kama haidroksaidi na kuipakia lori, na nyingi inaenda kumaliziwa China. Februari 2025 serikali yao ilisimamisha kuuza nje, Oktoba wakaweka kota. Tangu hapo mtu akiniuliza kwa nini tujifunze kutoa kobalti kwenye betri nzee sihangaiki sana kujibu.

Lazima iwe salfeti? Nimesikia kuna njia ya kloraidi.

Iko na ni tamu. Ukiweka kloraidi nyingi, kobalti inashikana na kloraidi nne inakuwa na chaji hasi, bluu hapohapo kwenye maji, na nikeli inakataa kufanya hivyo. Basi unatumia dawa ya jamii ya amini ambayo hushika vitu vyenye chaji hasi, kobalti inapanda, na kuivua unahitaji maji tu, hakuna kostiki, hakuna lundo la chumvi. Kristiansand, Norwe, wamefanya hivyo miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba kloraidi inakula chuma cha mabomba na pampu kama mchwa.

Mimi ni fundi wa simu Luthuli, niko na gunia mbili za betri zimekufa. Naeza toa kobalti mwenyewe?

Boss, naelewa. Betri nyingi za simu zina ile oksidi ya lithiamu na kobalti, na hiyo oksidi ikiwa safi kobalti ni asilimia 60 ya uzito wake, kwa hivyo hujakosea kuona pesa. Lakini tafadhali usifungue. Betri ikitobolewa ikiwa na chaji inawaka, na ile elektroliti ikikutana na unyevu inatoa haidrojeni floraidi, gesi ambayo inakula mapafu na mifupa. Hata sisi hatufungui hapa, tunapokea unga mweusi ukiwa tayari umesagwa na watu wenye mashine na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Wapelekee wao, uza kwa kilo.

Ule unga ukifika, safari yake ni hii: asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi, halafu unapandisha pH kidogo kidogo chuma na alumini zishuke, shaba inatolewa, manganizi inaondoka na D2EHPA, kobalti inaondoka na Cyanex 272, nikeli inafuata, na lithiamu ndio hufunga mlango kama kaboneti.

Betri za boda za umeme nazo?

Inategemea. Kama ni zile za chuma na fosfeti, LFP, hakuna nikeli hakuna kobalti, usijisumbue. Kama ni NMC angalia namba: 811 maanake nikeli 8, manganizi 1, kobalti 1. Kadiri miaka inavyoenda kobalti inapungua, na hapo ndipo kuitenganisha kunakuwa kugumu, unatafuta kidogo ndani ya nikeli nyingi.

Naeza tumia mafuta ya taa ya petroli stesheni?

Kuonyesha darasani rangi, sawa, itafanya. Kwa kazi ya kila siku hapana, yananuka, yana vitu vingi ndani, na yanashika moto kwa joto la chini, kama digrii 38 kwenda juu. Yale ya viwandani kama Escaid 110 yanavumilia zaidi ya 70. Usidhani moto ni hadithi: mgodi wa Olympic Dam huko Australia ulichomeka sehemu yake ya mafuta 1999, na tena 2001. Kwa hivyo beseni ya maji moto, ndio, jiko la gesi kando ya faneli, nitakufukuza siku hiyohiyo. Glavu pia si mapambo, nikeli inaleta mzio wa ngozi na misombo yake imeorodheshwa kati ya vitu vinavyoleta saratani.

Dawa inaisha?

Haiishi, inazunguka, unavua unaitumia tena. Inapotea tu kidogo kwenye maji kila mzunguko. Adui wake mwingine ni oksijeni, kobalti ikiwa ndani ya mafuta inasaidia hewa kuyaoza hayo mafuta, kwa hivyo viwandani wanaweka kizuia oksidi kama BHT, jamaa uleule unaopatikana kwenye mafuta ya kupikia.

Na baada ya kuvua, angalia mafuta dhidi ya karatasi nyeupe. Yanafaa kuwa hayana rangi. Yakibaki na bluu, hujavua vizuri, ongeza asidi. Yakibaki na rangi ya chai nyepesi hiyo ni chuma, na hii dawa ikishashika chuma haiachii kwa asidi ya mchezo. Vua kwa asidi kali zaidi, na safari ijayo toa chuma kabla hujaleta supu yako kwenye meza yangu.